Kumjua Adui ni Nusu ya Tiba

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa kata ya Yakobi, mkoani Njombe)



Mkulima wa viazi mviringo wa Yakobi hahitaji kuambiwa kwamba ugonjwa hubadilika. Mvua na ukungu vinapokaza, bakajani huweza kuteketeza shamba zima katika siku chache tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu walipata dawa iitwayo metalaksili, ambayo iliukabili ugonjwa huo kwa nguvu ambayo wakulima walikuwa hawajaiona. Furaha yao haikudumu. Mwaka 1980, huko Ireland na Uholanzi, mashamba yaliyopuliziwa dawa hiyo yalianza kuoza kana kwamba yamepuliziwa maji matupu. Vimelea vichache vilivyokuwa na maumbile ya kuivumilia dawa vilisalimika, vikazaana, vikayajaza mashamba. Tangu wakati huo metalaksili huchanganywa na mankozebu, dawa inayoua kwa njia nyingine, ili kimelea kinachoponyoka mkono mmoja kinaswe na mkono wa pili.

Habari hiyo ya shamba la viazi inafanana sana na habari ya dawa za kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya UVIKO-19. Dawa hizo zilikuwa kilele cha elimu ya tiba ya wakati huu. Zilitengenezwa kwa kasi ya ajabu, zikaokoa maisha ya watu wengi, kisha zikaangushwa moja baada ya nyingine na kirusi kilichobadilika. Ndani ya kuanguka huko kuna fundisho ambalo nchi kama Tanzania haina budi kulizingatia: dawa ya aina hii haikai katika chupa peke yake. Nusu yake ni maarifa ya kumjua adui alivyo leo, na nchi isiyomchunguza adui aliyemo nyumbani mwake itaendelea kutumia dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya adui wa watu wengine.

KINGAMWILI NI NINI

Mwili wa mwanadamu una askari wake. Mgeni mbaya anapoingia, chembe fulani za damu hutengeneza protini zenye umbo la manati, yaani mpini mmoja na pembe mbili. Ncha za pembe hizo hushika sehemu maalumu ya mgeni kama ufunguo ushikavyo kitasa. Protini hizo ndizo kingamwili. Kingamwili ikishashika mahali pake barabara, kirusi hushindwa kuingia ndani ya chembe hai, na askari wengine wa mwili huja kukimaliza.

Wazo la kumpa mgonjwa kingamwili zilizotengenezwa mahali pengine si geni. Mwaka 1890 Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo, wakiwa Berlin, walionyesha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda huweza kumlinda mnyama mwingine. Hata leo mtu aliyeumwa na nyoka hutibiwa kwa kingamwili zinazotokana na damu ya farasi aliyechanjwa kwa sumu ya nyoka kidogo kidogo. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili ya aina moja tu, iliyo safi, kwa wingi wowote utakiwao. Kwa kazi hiyo walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Siku hizi wataalamu huchukua damu ya mtu aliyepona ugonjwa, wakaitafuta chembe inayotengeneza kingamwili bora kuliko nyingine, wakayasoma maandishi ya urithi ya kingamwili hiyo, kisha wakayapandikiza katika chembe zinazokuzwa ndani ya mapipa makubwa ya kiwanda. Chembe hizo huwa mafundi. Usiku na mchana hutengeneza kingamwili ile ile, na kingamwili hiyo husafishwa, ikatiwa katika chupa, ikapelekwa hospitali.

MIEZI MITANO YA USHINDI

Kirusi cha korona kimezungukwa na miiba ya protini, na kwa miiba hiyo hufungua mlango wa chembe za mwanadamu. Mwiba mmoja umejengwa kwa mnyororo wenye pingili 1,273. Kingamwili zilizochaguliwa mwaka 2020 zililenga hasa ncha ya mwiba, kwa sababu aliyeishika ncha amezuia mlango usifunguliwe.

Tarehe 9 Novemba, 2020, Marekani iliruhusu kwa dharura matumizi ya kingamwili ya kwanza ya namna hiyo, bamlanivimabu, iliyotokana na damu ya mtu aliyepona. Siku kumi na mbili baadaye uliruhusiwa mchanganyiko wa kingamwili mbili, kasirivimabu na imdevimabu. Majaribio ya mchanganyiko huo yalionyesha kwamba, kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa na waliotibiwa mapema, kulazwa hospitali au kufa kulipungua kwa takriban asilimia 70. Hayo hayakuwa mafanikio madogo.

Lakini kirusi hakikusimama kungoja. Kila kinapozaana hunakili maandishi yake ya urithi yenye herufi karibu 30,000. Mwalimu yeyote anajua kinachotokea pale darasa zima linaponakili somo kutoka daftari la jirani badala ya ubao. Herufi moja hukosewa hapa, nyingine pale, na kosa la mmoja hurithiwa na wote wanaofuata. Makosa mengi hayana maana, na mengine humwangusha mwenye kuyafanya. Hata hivyo, kirusi kinapopita katika miili ya mamia ya mamilioni ya watu, haikosi kutokea siku ambapo kosa moja linaugeuza mwiba kiasi kwamba kingamwili haiutambui tena.

Kosa moja la namna hiyo lilitokea katika pingili ya 484. Aina ya kirusi iliyotangazwa Afrika Kusini mnamo Desemba 2020, ambayo baadaye iliitwa Beta, ilikuwa nalo. Bamlanivimabu ilishika hasa sehemu hiyo, na mara pingili ilipogeuka, dawa ilikosa mahali pa kushika. Tarehe 16 Aprili, 2021, ruhusa ya kuitumia peke yake ilifutwa. Ilikuwa imedumu miezi mitano na siku chache.

Kisha, mnamo Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitambua aina iliyoitwa Omikroni, ambayo mwiba wake ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30. Mchanganyiko wa kasirivimabu na imdevimabu, ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeupendekeza Septemba 2021, ulipingwa na Shirika hilo hilo Septemba 2022. Sotrovimabu, ambayo asili yake ni kingamwili ya mtu aliyeugua ugonjwa wa SARS mwaka 2003, ilistahimili kwa muda. Nayo iliondolewa Marekani Aprili 2022. Bebteloimabu iliruhusiwa Februari 2022, ikaondolewa Novemba mwaka huo huo. Mwishoni mwa Januari 2023, Marekani haikuwa na kingamwili hata moja ya kukishika kirusi hicho ambayo matumizi yake yalikuwa bado yameruhusiwa.

MAFUNDI WANARUDI KARAKANANI

Mtu angeweza kusema kwamba juhudi zote hizo zilikuwa hasara. Kusema hivyo ni makosa. Fundi hodari nondo yake ikipinda hujiuliza imepindia wapi na kwa nini, na wataalamu wamefanya vivyo hivyo kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni ile ya mkulima wa viazi, yaani kutumia kingamwili mbili au zaidi zinazoshika sehemu tofauti za mwiba. Uwezekano wa kirusi kukosea mahali pawili panapofaa kwa wakati mmoja ni mdogo kuliko kukosea mahali pamoja. Omikroni ilionyesha kwamba njia hii nayo ina mpaka wake, lakini msingi wake ni imara.

Njia ya pili ni kulenga sehemu ambayo kirusi hakithubutu kuigeuza. Ncha ya mwiba hubadilika kwa urahisi. Shina lake, linalofanya kazi ya kuunganisha kirusi na chembe ya mwanadamu, hubadilika kwa shida, kwa sababu kirusi kinachoharibu shina lake hakiwezi tena kuingia popote. Ugumu uliopo ni kwamba mara nyingi kingamwili zinazoshika shina huwa na nguvu ndogo kuliko zile zinazoshika ncha. Hapo ndipo mafundi wanapohangaika: kupata nguvu ya ncha pamoja na uthabiti wa shina.

Njia ya tatu ni kumtangulia adui. Katika maabara wataalamu hutengeneza kila badiliko linaloweza kutokea katika ncha ya mwiba, moja moja, wakaliweka juu ya chembe za hamira, kisha wakapima ni lipi linaloiponyoka kingamwili gani. Hivyo hupatikana ramani ya njia za kutorokea kabla mtoro hajapita.

Njia ya nne ni kuifanyia matengenezo kingamwili iliyoshindwa. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani, wakitumia kompyuta zenye uwezo mkubwa, walitangaza kwamba kwa kubadilisha pingili chache tu za kingamwili iliyokuwa imedhoofishwa na Omikroni, waliirudishia nguvu zake. Aidha, mpini wa kingamwili huweza kutengenezwa ili ikae mwilini miezi kadhaa badala ya wiki chache, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu ambaye mwili wake hauitikii chanjo.

USHAHIDI KUTOKA KONGO

Wapo wanaodhani kwamba dawa za namna hii ni za matajiri na kwamba Afrika haina sehemu yake humo. Mambo yaliyotokea mashariki ya Kongo yanakanusha dhana hiyo. Mwaka 1995, Ebola ilipolipuka katika mji wa Kikwit, mtu mmoja aliugua akapona. Miaka kadhaa baadaye alitoa damu yake, na humo ikapatikana kingamwili iliyoitwa mAb114. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwana wa Kongo aliyeichunguza Ebola tangu ilipotambuliwa mwaka 1976.

Kuanzia Novemba 2018, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya wodini, dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa 681, wakati vita vinaendelea. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimekwisha kuonyesha ubora wake. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35, na kati ya waliopewa mchanganyiko wa kingamwili tatu uitwao REGN-EB3 walikufa asilimia 33 na nusu. Katika makundi mawili mengine walikufa karibu nusu au zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza dawa hizo mbili kwa wagonjwa wa Ebola.

Kwa nini dawa za Ebola zilisimama na za korona zikaanguka? Mlipuko huo wa Ebola uligusa maelfu ya watu, na dawa ilijulikana kuwa inamfaa adui aliyekuwapo hapo hapo. Korona ilikuwa imeenea ulimwengu mzima, na kila mwili ulikuwa karakana ya kirusi. Palipokuwa na macho ya kutosha, dawa ilikwenda sambamba na adui. Palipokosekana macho, dawa ilikwenda gizani.

KUJIKOSOA NI SEHEMU YA UJENZI

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Zambia na Kongo hupita hapo, reli ya TAZARA hupita hapo, na barabara ya Njombe na Songea huanzia hapo. Kirusi husafiri pamoja na abiria bila kuuliza nauli, na kwa abiria wa ndege husafiri mbali zaidi.

Mapema mwaka 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa katika uwanja wa ndege wa Luanda, Angola. Sampuli zao zilipochunguzwa na wanasayansi wa Angola na Afrika Kusini, ilionekana aina ya kirusi ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa zilizobadilika kuliko zote zilizojulikana: mabadiliko 11 katika mwiba, na sehemu tatu zilizopotea kabisa. Miongoni mwa mabadiliko hayo lilikuwamo lile la pingili ya 484, lililoiangusha bamlanivimabu. Aina hiyo haikuenea duniani kama Delta au Omikroni. Hata hivyo, jambo la kutafakari ni kwamba habari yake ilisomwa Luanda na Durban kabla ya kusomwa Dar es Salaam. Tangu Mei 2020 Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za ugonjwa huo, na daktari wa hapa nchini, hata kama angeletewa dawa bora duniani, asingekuwa na njia ya kujua kama inamfaa mgonjwa aliye mbele yake.

Mwaka huo huo mwelekeo ulibadilika. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai, 2021, alichanjwa hadharani. Machi 2023, watu walipoanza kufa kwa ugonjwa usiojulikana mkoani Kagera, Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ndiyo iliyotambua kwamba adui ni kirusi cha Marburg. Mlipuko ulitangazwa, ukadhibitiwa, na ukamalizika rasmi mwanzoni mwa Juni. Nchi iliyosomewa habari zake Luanda mwaka 2021 ilijisomea yenyewe mwaka 2023. Hilo ni jambo la kujivunia, na pia ni jambo la kulindwa lisirudi nyuma.

Kuna hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Botswana na Afrika Kusini zilipoitangaza Omikroni, nchi nyingi tajiri hazikuzishukuru. Zilizifungia mipaka. Wapo waliosema kwamba msema kweli ameadhibiwa, kwa hiyo afadhali kunyamaza. Hasira hiyo ina haki yake. Lakini ni tangazo hilo lililowezesha maabara za dunia, katika wiki chache, kujua ni kingamwili zipi zimekwisha nguvu, ili wagonjwa wasidungwe dawa isiyowasaidia. Dhuluma ya mataifa makubwa hupingwa katika mabaraza ya mataifa, kwa sauti na kwa umoja. Haipingwi kwa kujifumba macho, maana anayejifumba macho huwaumiza kwanza watu wa nyumbani mwake.

WAJIBU WA YAKOBI

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU nchini: asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Jambo hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na mazungumzo haya. Huko Afrika Kusini mwanamke mmoja mwenye VVU iliyokuwa haijadhibitiwa alikaa na kirusi cha korona kwa siku 216. Mwili wake ulikuwa na nguvu za kukisumbua kirusi, lakini haukuwa na nguvu za kukimaliza, na katika muda huo kirusi kilikusanya mabadiliko mengi, likiwamo lile la pingili ya 484. Dawa zake za VVU zilipobadilishwa, VVU ikafubazwa na kirusi cha korona kikatoweka.

Kisa hicho si sababu ya kumnyooshea mtu kidole. Mtu anayemeza dawa zake kila siku na ambaye VVU yake imefubazwa ana askari wake mwilini. Kinachothibitishwa ni kwamba kidonge kinachotolewa katika zahanati, nacho pia kikiwa ni mchanganyiko wa dawa tatu kwa sababu ile ile ya shamba la viazi, humlinda mgonjwa dhidi ya VVU na wakati huo huo humnyima kirusi kingine karakana. Mhudumu anayemfuata nyumbani mgonjwa aliyekatisha dozi yumo katika mapambano haya sawasawa na mtaalamu wa kompyuta wa Marekani. Kingamwili za kiwandani ni ghali, huhitaji ubaridi, na nyingi hutolewa hospitali kwa njia ya mshipa. Kidonge cha VVU hakina mashaka hayo, nacho kipo tayari.

Mtumishi wa zahanati anayejaza fomu ya homa isiyoeleweka na kuipeleka sampuli kwa wakati, ndiye jicho la kwanza la Taifa. Fomu iliyokaa katika mtoto wa meza wiki tatu ni jicho lililofumbwa. Ofisa anayepanga bajeti na kuiona maabara kuwa anasa hana budi kukumbuka kwamba dawa bila maabara ni risasi bila shabaha.

Kwa upande wa walimu, wajibu ni mkubwa zaidi. Mwanafunzi wa Yakobi anayefundishwa mabadiliko ya viumbe kwa mfano wa bakajani ya shamba la baba yake hatalichukulia somo hilo kama hadithi ya mbali. Ataelewa kwa nini dozi humalizwa, kwa nini dawa huchanganywa, na kwa nini chanjo ya mwaka huu huenda isiwe ile ya mwaka jana. Ataelewa pia kwamba mtaalamu anayebadilisha ushauri wake baada ya kirusi kubadilika si mwongo. Mwongo ni yule anayeng'ang'ania ushauri wa jana mbele ya adui wa leo.

Mwaka 1973 Watanzania walikusanyika katika vikundi vya kusoma wakasikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Hawakungoja watu wa nje waje kuwaeleza maradhi yao. Moyo ule ule unahitajika sasa, ingawa jembe la leo ni darubini na daftari la takwimu. Kirusi hakitaacha kubadilika. Mkulima wa viazi analijua hilo, ndiyo maana kila asubuhi ya ukungu huingia shambani kugeuza majani na kutazama upande wa chini.